Saa ya Kwanza Kituoni: Wajibu wa Usharika kwa Aliyebakwa

Katika ziara zetu sharikani swali moja hujirudia: kwa nini kesi nyingi za ubakaji hazifiki mahakamani? Sehemu ya jibu iko kwenye kaunta ya polisi.

Mwaka jana mama mmoja alimpeleka binti yake wa miaka 14 kituoni. Askari wa zamu alimhoji binti mbele ya watu waliokaa kwenye benchi: alivaa nini, na alifuata nini njiani usiku. Kisha wakaambiwa warudi kesho. Hawakurudi. Jioni ile familia ya mtuhumiwa ilileta mbuzi wawili na fedha, na miongoni mwa wasuluhishi alikuwamo mzee wetu wa kanisa. Tunapowanyoshea polisi kidole, na sisi tumo.

Utaratibu unaotakiwa

Jeshi la Polisi lina Dawati la Jinsia na Watoto. Hapo mlalamikaji anatakiwa kusikilizwa faragha na askari aliyefunzwa kazi hiyo. Anatakiwa kupewa namba ya taarifa (RB) na fomu ya PF3, ambayo hutolewa bure. Daktari huijaza baada ya uchunguzi, nayo hutumika kama kielelezo mahakamani. Askari wengi wa dawati hujitahidi, ingawa mara nyingi hawana gari wala chumba cha faragha. Tatizo kubwa ni kwamba mlalamikaji hukutana kwanza na kaunta.

Kwa nini saa ya kwanza ni muhimu

Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU ni lazima zianze ndani ya saa 72, na zikiwahi zaidi ni bora zaidi. Ushahidi wa mwilini nao hupotea kwa kuoga na kufua nguo. Kwa hiyo "rudi kesho" huweza kuua kesi na kuhatarisha maisha.

Aidha, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza mwaka 2006 kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa mwathirika mwenyewe. Maelezo yakiandikwa harakaharaka, huku mtu amefadhaishwa kwa kejeli, baadaye wakili wa utetezi atayatumia kuonyesha kuwa anajikanganya.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18, na wengi wao hawakupata huduma yoyote. Hawa ni watoto wa sharika zetu.

Kamati ya usharika ifanye nini?

1. Iteue watu wawili, mmoja wao mwanamke, wa kumsindikiza mwathirika. Wasimsemee, kazi yao ni kukaa naye.

2. Ifahamiane na askari wa dawati na ofisa ustawi wa jamii kabla tukio halijatokea.

3. Wasindikizaji waombe kwa adabu chumba cha faragha, RB na PF3. Ikishindikana, wamwone Mkuu wa Kituo, kisha Mkuu wa Polisi wa Wilaya.

4. Mzee wa kanisa asikalie kikao cha suluhu. Ubakaji ni kesi ya Jamhuri, na tangu sheria ya mwaka 1998 mtu mzima akitiwa hatiani hufungwa miaka isiyopungua 30. Mbuzi hawafuti kosa hilo.

Kwa wafadhili wetu: mahitaji si makubwa. Ni nauli ya kwenda kituoni na hospitali, na nguo ya kubadili, kwa kuwa aliyokuja nayo hubaki polisi kama kielelezo.

Yule binti bado huja ibadani na mama yake. Mama aliniambia neno moja: "Siku ile tungekuwa na mtu wa kukaa nasi, kesho yake tungerudi." Kamati zetu na ziwe huyo mtu.