Jina na Bei: Lugha ya Ufundi wa Wagusii katika Biashara ya Haki

Mjadala juu ya biashara ya haki, yaani biashara inayomhakikishia mzalishaji malipo ya kadiri na masharti ya utu, kwa kawaida huachiwa wanauchumi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba suala hilo linawahusu wanaisimu pia. Mfano wetu ni ufundi wa Wagusii wa kaunti za Kisii na Nyamira; na hoja yetu ni kwamba bei nzuri peke yake haihifadhi utamaduni iwapo kitu kinauzwa bila jina lake.

Tuanze na jiwe la Tabaka, katika Kaunti ya Kisii. Huchimbwa kwa mikono. Kwa desturi wanaume huchonga, na wanawake hulainisha kwa maji na msasa. Neno msasa lenyewe lina funzo: ni jina la mti ambao majani yake yenye kukwaruza yalitumiwa kusugulia mbao kabla ya karatasi ya dukani kurithi jina hilo. Kazi ya mikono imehifadhiwa ndani ya neno. Kinyume chake, jiwe la Tabaka tumeliita "jiwe la sabuni", tafsiri sisisi ya jina la Kiingereza. Katika Ekegusii jiwe ni rigena, wingi wake amagena, sambamba na ngeli yetu ya jiwe na mawe. Pamoja na ujirani huo wa lugha, jina tulilolichagua halikutoka kwa mchongaji.

Mfano wa pili ni ekee, chombo cha kusuka ambamo ugali wa wimbi huandaliwa. Tukisema kwamba hicho ni "kikapu", tumemwelekeza msomaji sokoni, ilhali ekee huhusu mlo na ukarimu. Vivyo hivyo obokano, ala kubwa yenye nyuzi nane, huitwa "zeze" kana kwamba ala zote za nyuzi ni moja.

Biashara ya haki imeleta manufaa yasiyokanika. Shirika la Biashara ya Haki Duniani, ambalo lilianzishwa mwaka 1989 kwa jina jingine, lina kanuni 10. Mojawapo yazo humtaka mnunuzi wa kazi za mikono, akiombwa, atangulize angalau nusu ya malipo bila riba. Kwa fundi asiye na akiba, hilo si jambo dogo. Hata hivyo, agizo hutoka kwa mnunuzi, naye ndiye anayetaja kitu: kiboko, kinara cha mishumaa, seti ya sataranji. Fundi hulipwa, lakini msamiati wake haumo katika hati ya mauzo.

Yawezekana kupingwa kwamba fundi hali maneno, na kwamba kiboko kimoja kikiuzwa karo hupatikana. Pingamizi hilo ni la haki, wala hatumtaki fundi aache kuchonga viboko. Lakini jina nalo lina thamani ya mali. Ibara ya 11 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaliagiza Bunge litunge sheria ili jamii zipate fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa; na mwaka 2016 ilipitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni. Jamii itadaije kitu ambacho hakikuandikwa popote kwa jina lake? Elkana Ong'esa, mchongaji wa Tabaka, ameonyesha njia: sanamu yake iliyoko makao makuu ya UNESCO mjini Paris huitwa Enyamanyoya, nalo jina hilo la Kigusii halikuizuia kueleweka ughaibuni.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, vikundi vya mafundi viandike katika kibandiko cha kila kifaa cha jadi jina lake la Ekegusii, matumizi yake, na jina la aliyekitengeneza. Pili, idara zetu ziwatume wanafunzi, hasa wale wa kutoka Kisii na Nyamira, wakusanye istilahi za uchimbaji, uchongaji na ususi kutoka kwa wazee wa kazi hizo, nao wazee walipwe kwa muda wao kama walimu. Ingekuwa ajabu sisi tudai haki kwa wanunuzi wa mbali, hali sisi wenyewe twachukua maneno ya fundi bure.