Dawa Iliyotoka Baharini Ikapanda Hadi Ufipa

Mama mmoja kutoka Muze, katika bonde la Ziwa Rukwa, alimleta binti yake wodini mjini Sumbawanga akiwa na homa kali na maumivu ya tumbo. Wiki mbili kabla ya hapo, binti huyo alikuwa amechomwa sindano mbili za seftriaksoni zilizonunuliwa dukani bila cheti cha daktari. Homa ilipotulia, matibabu yakakoma. Sasa homa ilikuwa imerudi. Muuguzi alipokuwa akiyeyusha unga wa dawa hiyo hiyo, mama akaniuliza, "Daktari, dawa hii inatokana na mti gani?"

Swali lake lilikuwa la haki, kwani Ufipa ni nchi ya watu wanaojua mizizi na magome. Lakini dawa hii haikutokana na mti. Chimbuko lake ni kuvu iliyopatikana baharini.

Mwaka 1945, Giuseppe Brotzu, profesa wa elimu ya usafi na afya katika mji wa Cagliari, kisiwani Sardinia nchini Italia, alitambua kwamba vijana waliogelea karibu na bomba lililomwaga maji taka baharini, ilhali homa ya matumbo haikuwa kali mjini humo kama alivyotarajia. Akahisi kwamba katika maji yale kulikuwa na kiumbe kilichowadhuru vimelea wa ugonjwa. Alichota maji, akaotesha viumbe waliokuwamo, akapata kuvu iliyotoa kemikali ya kuua bakteria. Baadaye aliipeleka Oxford, Uingereza, ambako katika miaka ya 1950 Edward Abraham na Guy Newton waliitenga sefalosporini C. Kemikali za jamii hiyo huwazuia bakteria kujenga ukuta wa seli zao. Kutokana na jamii hiyo ilitengenezwa seftriaksoni, iliyoanza kutumika katika miaka ya 1980.

Bahari haikuishia hapo. Sitarabini, dawa ya saratani ya damu, ilibuniwa kwa kufuata mfano wa kemikali zilizogunduliwa katika sifongo wa Bahari ya Karibi. Mililita moja tu ya maji ya bahari huweza kuwa na bakteria wapatao milioni moja, na wengi wao hujilinda dhidi ya washindani wao kwa kemikali. Ndiyo maana watafiti wanaendelea kuitafuta tiba humo.

Msomaji asidhani, hata hivyo, kwamba maji machafu ni dawa. Kati ya maji ya Cagliari na sindano iliyo salama palikuwa na kazi ya takriban miaka 40. Maji ya kunywa, yawe ya ziwa, mto au kisima, yachemshwe au yatibiwe.

Miaka hiyo 40 ndiyo onyo letu. Dawa mpya huchelewa kuja, lakini usugu wa vimelea hausubiri. Shirika la Afya Duniani limeiweka seftriaksoni katika kundi la viuavijasumu vinavyohitaji uangalizi, kwa kuwa matumizi yake holela huharakisha usugu. Kwa watoa huduma wenzangu: pale maabara inapoweza, tuchukue damu ya kuotesha vimelea kabla ya dozi ya kwanza, na tusiifanye sindano hii kuwa jibu la kila homa. Kwa wagonjwa: msiinunue bila cheti, wala msiikatize kwa sababu mwili umepata nafuu.

Majibu ya maabara ya binti yule yalionyesha vimelea wa homa ya matumbo ambao dawa ilikuwa bado inawaweza. Safari hii alimaliza dozi yake yote, akapona. Nilimwambia mama yake kwamba walikuwa na bahati. Mgonjwa atakayemfuata huenda asiwe nayo, kama sisi sote hatutaitunza dawa hii iliyosafiri mbali hivyo kutufikia.