Dawa ya figo isije ikaumiza utumbo

UKIWA na mgonjwa wa figo nyumbani, iwe ni Kitengela au Kajiado mjini, bila shaka umezoea kumchunga asile chumvi nyingi, ndizi na viazi. Lakini je, unajua dawa anazotumia zinafanya nini tumboni mwake?

Figo zikidhoofika, madini ya potasiamu hurundikana katika damu. Yakizidi, moyo hupiga ovyo na unaweza kusimama ghafla. Ndiposa madaktari huwapa baadhi ya wagonjwa unga wa sodiamu polistirini salfoneti, unaojulikana pia kama Kayexalate. Unga huo hunasa potasiamu utumboni na kutoka nayo chooni.

Taabu ni kwamba unga huo hufunga choo. Ili kuzuia hilo, ulichanganywa na sobitoli, aina ya sukari inayolainisha choo. Mwaka 1987, madaktari nchini Marekani walieleza visa vya wagonjwa watano wa figo ambao sehemu za utumbo wao zilikufa baada ya kutiwa mchanganyiko huo kupitia njia ya haja kubwa. Majaribio yao kwa panya yalionyesha kwamba sobitoli ndiyo iliyochangia. Mwaka 2009, Marekani ilishauri viwili hivyo visitumiwe pamoja. Hata bila sobitoli, unga huo umewahi kujeruhi utumbo, ingawa si mara nyingi.

Walio hatarini zaidi ni wanaofunga choo na waliopasuliwa tumbo karibuni.

Kuna pia hatari iliyo karibu zaidi na nyumbani. Tembe za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo wengi hujinunulia dukani mgongo ukiuma, zaweza kutoboa vidonda tumboni na utumboni, na papo hapo kupunguza damu inayofika kwenye figo. Mgonjwa hupata hasara mara mbili.

Mzazi au mwanafunzi unayemtunza mgonjwa, fanya hivi: beba dawa zake zote kila mwendapo kliniki, zikiwemo za miti shamba. Mwambie daktari iwapo hajaenda choo kwa siku kadhaa. Akiumwa sana na tumbo, likimvimba, au akienda choo chenye damu au cheusi kama lami, mkimbizeni hospitalini mara moja.

Hata hivyo, msimwachishe dawa kwa hofu. Potasiamu nayo huua. Muulizeni daktari kwanza.