Kusomea Mvua Ukubwani

Wilaya ya Rusizi, ambayo wengi bado huiita Cyangugu, ni ndogo kwenye ramani lakini hali zake za hewa ni nyingi. Kusini kuna uwanda wa Bugarama, mita 950 hivi juu ya usawa wa bahari, sehemu ya chini kuliko zote nchini Rwanda. Huko ni joto, mpunga na mbu. Ukipanda kaskazini unafika Kamembe na Ziwa Kivu, ambalo uso wake uko kwenye mita 1,460 hivi. Ukielekea mashariki unapita mashamba ya chai ya Shagasha hadi msitu wa Nyungwe, ambako mvua ya mwaka hufikia milimita 2,000. Kompyuta za kituo cha Ulaya cha utabiri, chenye makao yake Reading, Uingereza, huigawa dunia katika miraba ya kilomita 9 hivi. Ndani ya mraba mmoja wa namna hiyo, mteremko wa Rusizi unaweza kushuka mamia ya mita. Nayo rada ya hali ya hewa ya Maranyundo, Bugesera, iko ng'ambo ya safu ya milima ya Kongo-Nile, na miale ya rada haipenyi mlima. Utabiri uliotengenezwa mbali ukifika hapa unahitaji mtu wa kuusoma upya kwa macho ya mahali. Mtu huyo si lazima awe kijana aliyemaliza chuo juzi. Mwalimu wa fizikia wa miaka 38, bwana shamba wa miaka 45 au fundi wa umeme aliyefanya kazi nusu ya maisha yake kwenye bwawa la Ruzizi anaweza kuisomea fani hii na kuifanyia kazi, ila aingie kwa mlango unaomfaa na asijidanganye kuhusu hisabati.

Milango yenyewe haijulikani sana, na ndiyo maana watu wazima wengi hukata tamaa kabla ya kuuliza. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linatambua makundi mawili ya wataalamu. Kundi la kwanza ni wanasayansi wa hali ya hewa, wanaotakiwa kuwa na elimu ya kiwango cha shahada: hisabati ya kalkulasi na takwimu, fizikia ya joto na ya mwendo wa hewa na maji, kisha uchambuzi na utabiri. Kundi la pili ni mafundi sanifu, wanaopima, kutunza vifaa, kuhakiki takwimu na kusaidia watabiri. Hawa husoma kozi fupi zaidi. Jambo la kumfurahisha mtu mzima ni kwamba kiwango cha mwanasayansi kinaweza kufikiwa bila kurudia shahada ya kwanza. Aliye na shahada ya fizikia, hisabati au uhandisi anaweza kusoma kozi ya uzamili ya hali ya hewa na kuingia kundi hilohilo. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa na stashahada ya uzamili ya aina hii kwa muda mrefu, na wataalamu wengi wa ukanda huu wamepitia hapo. Kwa asiye na shahada ya sayansi, Makerere na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha shahada ya kwanza ya hali ya hewa, na kwa anayetaka ufundi sanifu, Tanzania ina Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa mjini Kigoma, kando ya ziwa ambamo mto Rusizi humwaga maji yake.

Historia ya fani yenyewe imejaa watu waliokuja wamechelewa. Robert FitzRoy alikuwa nahodha wa jeshi la majini la Uingereza, na alikuwa na miaka 49 alipokabidhiwa ofisi mpya ya hali ya hewa mwaka 1854. Baada ya dhoruba ya Oktoba 1859 iliyozamisha meli iitwayo Royal Charter, alianzisha maonyo ya dhoruba kwa njia ya telegrafu, na utabiri wake wa kwanza kwa umma ulichapishwa katika gazeti la The Times tarehe 1 Agosti 1861. Gilbert Walker anatuhusu zaidi. Alikuwa mwanahisabati wa Cambridge asiye na mafunzo ya hali ya hewa alipopewa kuongoza vituo vya uangalizi vya India mwaka 1904, akiwa katika miaka yake ya thelathini. Alitumia takwimu kutafuta uhusiano kati ya mvua za monsuni za India na mgandamizo wa hewa sehemu nyingine za dunia, akagundua kupanda na kushuka kwa mgandamizo kati ya pande mbili za Pasifiki. Ugunduzi huo ndio nusu ya kile tunachokiita El Niño. Kila mkulima wa Afrika Mashariki anayekumbuka mafuriko ya 1997 ana deni dogo kwa mtu aliyeanza kazi hii akitokea kwingine.

Msomaji makini atasema mifano hii ni ya zamani, wakati ambao shahada ya hali ya hewa haikuwepo na bwana mkubwa aliteuliwa kwa jina lake. Ni kweli, na leo hakuna ofisi itakayomruhusu nahodha kutabiri kwa sababu tu anaijua bahari. Hata hivyo mifano inathibitisha jambo dogo lenye uzito: waliyoyajua kabla hayakuwapotezea muda. FitzRoy alijua nahodha anahitaji kuambiwa nini na saa ngapi. Walker alileta hisabati ambayo wenyeji wa fani hawakuwa nayo. Shahada ya leo inaongeza juu ya ujuzi wa namna hiyo, haiufuti.

Rwanda ina sababu yake ya pekee ya kuthamini watu kama hao. Mtandao wa vituo vya kupima mvua ulivunjika mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na kwa takriban miaka 15 vituo vingi havikuwa na kumbukumbu. Meteo Rwanda, wakala wa hali ya hewa wa nchi hiyo, kwa ushirikiano na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani, ilijaza pengo hilo kwa kuunganisha takwimu za vituo na za setilaiti. Kazi hiyo ni nzuri, lakini setilaiti hukadiria mvua kwa kuangalia mawingu kutoka juu, na kwenye milima makadirio huyumba. Anayejua kwamba bonde fulani hujaa maji kabla ya jirani yake, au kwamba chai ya upande mmoja wa kilima hupigwa na mvua ya mawe kuliko upande wa pili, ana swali la utafiti mkononi kabla hajafungua kitabu. Kijana wa miaka 20 atalipata pia, lakini baadaye.

Jambo la pili ni kuaminiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Siku mbili hazikupita, maji yakaangamiza Bushushu na Nyamukubi wilayani Kalehe, ng'ambo ya Kivu nchini Kongo, ambako waliokufa walizidi 400. Onyo la mvua huokoa pale tu anayelisikia anapohama usiku, na mtu hahami usiku kwa sababu ya ramani yenye rangi. Anahama akiambiwa na anayemwamini, kwa lugha yake. Mkazi wa Kamembe aliyezoea kuvuka daraja kwenda Bukavu, anayezungumza Kinyarwanda na Kiswahili, ana faida ambayo hakuna chuo kinachoifundisha. Wingu halisimami mpakani kugongewa muhuri.

Mapingamizi yapo, na zito kuliko yote ni hisabati. Hapa ni vizuri kusema bila kupamba: wanaoshindwa shahada hii ukubwani hushindwa na kalkulasi, si na umri. Mwendo wa hewa huandikwa kwa milinganyo, na asiyeweza kuifuata atabaki kusoma utabiri wa wengine. Mtu aliyeacha hisabati miaka 20 iliyopita anaweza kuirudisha, lakini anahitaji miezi mingi ya mazoezi ya kila siku kabla ya kujiandikisha. Ada ya chuo isilipwe kwa ajili ya kujipima. Kujipima ni bure nyumbani.

Pingamizi la lugha ni la hapa hasa. Mnyarwanda aliyepita miaka 35 leo huenda alisoma sehemu kubwa ya shule kwa Kifaransa, kabla Kiingereza hakijakuwa lugha ya kufundishia kuanzia uamuzi wa 2008. Vyuo vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam na Kigoma vyote hufundisha kwa Kiingereza. Dawa ipo: mradi wa mafunzo wa MetEd, unaoendeshwa kutoka Boulder, Marekani, una masomo ya bure kwenye intaneti kwa Kiingereza, na baadhi yake yapo kwa Kifaransa. Anayeanza na ya Kifaransa, kisha akarudia ya Kiingereza, anajifunza hali ya hewa na msamiati wake kwa pamoja.

Kuhusu kazi, nafasi za mtabiri serikalini ni chache na zitaendelea kuwa chache. Anayesoma kwa kutegemea kiti kimoja Kigali anacheza kamari. Lakini Rusizi ina uwanja wa ndege wa Kamembe, ambako vipimo vya hewa ni sharti la usalama. Ina mabwawa ya Ruzizi I na II yanayotegemea kiwango cha ziwa. Ina viwanda vya chai na vyama vya wakulima wa mpunga. Tangu 2019 Rwanda ina mpango wa taifa wa bima ya kilimo, na bima ya mazao huhitaji takwimu za mvua zinazoaminika. Mhandisi au bwana shamba anayeongeza elimu hii juu ya kazi yake ya zamani yuko salama kuliko anayeiacha kazi hiyo kabisa.

Wengine watasema mashine zitatabiri zenyewe. Ni kweli kwamba tangu 2023 programu za akili unde zimeshindana na modeli kubwa za dunia, na mara nyingine kuzishinda. Lakini zimefunzwa kwa vipimo vya zamani, na mahali penye vituo vichache zina machache ya kujifunzia. Mvua ya radi inayozaliwa usiku juu ya Kivu, nchi kavu inapopoa haraka kuliko maji na upepo kusukumwa ziwani kutoka pande zote, ni kitu kidogo cha muda mfupi. Mashine itahitaji vipimo vingi zaidi vya hapa na watu wa kuvihakiki.

Hesabu ya miaka nayo si ya kutisha. Nchini Rwanda mfanyakazi anaweza kustaafu akiwa na miaka 60, na lazima akifikisha 65. Anayeanza shahada ya miaka minne akiwa na 40 anabaki na miaka 16 hadi 21 ya kazi. Anayepitia stashahada ya uzamili anabaki na mingi zaidi. Kwa hiyo mwenye shahada ya fizikia, hisabati au uhandisi aiandikie Nairobi kwanza, asirudi mwaka wa kwanza wa chuo. Asiye nayo atafute kitabu cha kalkulasi, akifanyie kazi mwaka mzima, ndipo achague kati ya Kigoma na shahada kamili.