Paka Mzee Asiyeweza Kula

Huenda baadhi yenu mtacheka mkiona ya kuwa mwezi huu twaandika habari za paka. Chekeni, si neno. Hata sisi tulicheka, na kicheko hicho ndicho kilichotuchelewesha hata tukakaribia kumpoteza mnyama aliyelinda ghala yetu ya mahindi miaka 14.

Jina lake Majivu, kwa ajili ya rangi yake. Alizaliwa jikoni mwetu, na watoto wetu walijifunza kutambaa huku wakimfuata. Baada ya mavuno tuliona desturi yake imegeuka. Aliposikia kisahani kikiwekwa chini alikuja mbio, akainama, akanusa, kisha akarudi nyuma akaketi, akikitazama chakula kama msafiri atazamavyo mto uliofurika. Mama watoto akasema, "Paka huyu amedeka, ataka nyama ya sikukuu." Nasi tukakubali, tukamwacha kutwa nzima ili njaa imfundishe. Hilo lilikuwa kosa letu. Paka asiyetaka kula kwa kawaida hakisogelei chakula; bali ajaye mbio kisha akarudi nyuma, huyo ataka, ila kinywa chamwuma.

Yafaa mjue kwa nini jambo hili halingojei. Paka akikosa chakula siku mbili tatu, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwili wake hukimbilia ini kwa wingi, ini likashindwa kufanya kazi. Aweza kufa kwa hilo, hata kama kilichomzuia kula hapo kwanza kilikuwa kitu kidogo. Basi paka aliyepitisha siku nzima bila kuonja kitu ni mgonjwa wa kupelekwa kwa bwana mifugo, wala si mkaidi wa kuadhibiwa.

Dalili nyingine zilikuwapo, tena mbele ya macho yetu. Alitafuna kwa upande mmoja, kichwa ameinamisha, tonge likamdondoka. Udenda ulimtoka, na kinywa kilinuka. Manyoya ya mgongoni yalishikamana, maana aumwaye kinywa hajilambi. Tulimtia katika kikapu tukampima kwa mizani ya mahindi, tukaona kilo 3, naye zamani alikuwa na kilo 4. Kilo moja kwetu si kitu; kwake ilikuwa robo ya mwili.

Hapa twataka kuwaonya. Paka atokwaye na udenda, asiyeweza kumeza, na ambaye tabia yake imebadilika ghafula, akawa mkali au akajificha, msimtie kidole kinywani kamwe. Huenda ni kichaa cha mbwa, ambacho huwapata paka pia na kuua watu. Mfungieni mahali, mwiteni bwana mifugo. Mtu akiumwa au akikwaruzwa, na aoshe jeraha kwa maji na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akachomwe sindano. Majivu alikuwa amechanjwa kila mwaka, wala tabia yake haikugeuka. Hata hivyo kinywa chake tulimwachia mwenye ujuzi.

Jirani mmoja, kwa wema wake, alituletea nusu ya kidonge cha parasetamoli ili kumpunguzia maumivu. Twashukuru hatukukitumia. Mwili wa paka hauwezi kuiondoa sumu ya dawa hiyo. Damu huharibika isichukue hewa, na kidonge kimoja cha watu chatosha kumwua.

Bwana mifugo alikuta ukoga mzito, ufizi umevimba, na magego matatu yameharibika. Alitueleza ya kuwa paka mzima ana meno 30, na kwamba kuna ugonjwa ambao jino lake huliwa taratibu karibu na ufizi, likabaki tundu lenye maumivu makali. Alipima damu pia, kwa kuwa si kila paka mzee akataaye chakula ana jino bovu. Figo zikichoka, huona kichefuchefu, hunywa maji mengi na kukojoa sana. Tezi ya shingoni ikizidi kazi, huweza kula kwa pupa na bado akakonda. Figo za Majivu zilikuwa nzima. Akalazwa kwa dawa ya usingizi, magego yakang'olewa.

Tuliogopa kwamba sasa atakufa njaa. Kumbe meno ya paka ni ya kuua na kukata, si ya kusaga kama yetu. Tena ana ulimi wenye miiba midogo. Wako paka wasio na jino hata moja, nao hula chakula laini na kunenepa.

Chakula chake twakitengeneza hivi. Twachemsha kuku au samaki bila chumvi, twatoa mifupa na miiba yote, twaponda katika kinu, kisha twalainisha kwa maji yale yale yaliyochemshiwa. Dagaa wakavu twawaosha sana, maana wana mchanga, na wengine wana chumvi. Kitunguu hatutii, wala kitunguu saumu, kwani huharibu damu ya paka. Chakula huwa na joto la mkono, kwa sababu paka hukipima chakula kwa pua kuliko kwa ulimi, na pua ya mzee ni dhaifu. Kikipata moto kidogo harufu hupanda. Twampa kidogo kidogo mara tano kwa siku, katika kisahani kipana kilichowekwa juu ya tofali, asiinamishe shingo mno. Maji yapo mbali kidogo. Maziwa, ambayo kila mtu hudhani ni chakula cha paka, huwaharisha wengi waliokwisha kukua. Na ugali mtupu haumtoshi. Paka asipopata nyama au samaki, macho na moyo wake huweza kuharibika.

Asipokula, msimmiminie uji kooni kwa nguvu. Huingia mapafuni.

Juma lililopita tulimpima tena katika kikapu kile kile, tukapata kilo 3 na nusu. Panya hawakamati sana sasa. Kazi hiyo ameirithi binti yake. Lakini jioni mtoto wetu wa mwisho anapoanza kutwanga, Majivu hutoka ghalani kwa kishindo cha mchi wa kwanza, akaketi kando ya kinu akingoja, na safari hii harudi nyuma.