Umepewa herufi, unatafuta neno la Kiingereza? Mbinu hizi zitakusaidia hata kama Kiingereza chako ni cha kuungaunga

Uko kwenye daladala, foleni haisogei, umefungua mchezo wa maneno kwenye simu. Umepewa herufi sita: E, I, L, N, S, T. Unaona LINE. Unaona LIST. Halafu giza.

Unajisemea, "Basi tu, Kiingereza chenyewe sikijui," unafunga mchezo.

Subiri kwanza. Kwenye herufi hizo hizo kuna angalau maneno matano yanayotumia herufi zote sita. Na kuyapata hakuhitaji uwe umesoma Uingereza.

Bingwa asiyejua lugha

Mwaka 2015, Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa. Kifaransa chenyewe hakuwa anakizungumza. Alikariri orodha ya maneno kwa takriban wiki tisa, akaingia ukumbini, akawashinda wenye lugha yao. Mwaka 2024 akafanya hivyo hivyo kwa Kihispania, mjini Granada, Uhispania.

Kwenye Scrabble ya Kiingereza, ubingwa wa dunia wa mwaka 2003 ulikwenda kwa Panupol Sujjayakorn wa Thailand, nchi ambayo Kiingereza si lugha yake. Na mwaka 2015 Wellington Jighere wa Nigeria akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa.

Kumbe kuzungumza lugha ni kitu kimoja, na kupata neno kwenye herufi ni kitu kingine. Hicho cha pili kina mbinu zake, na zinafundishika.

1. Acha kutafuta irabu mwishoni

Sisi wa Kiswahili tumezoea neno kuishia na irabu: meza, kiti, samaki, ndoo. Kwa hiyo jicho letu, bila hata kujua, linakimbilia kuweka E au I mwishoni.

Kiingereza hakiko hivyo. Maneno yake mengi yanaishia na konsonanti. Chukua zile herufi sita, jaribu kumalizia na T, kisha N, kisha L, kisha S. Utashangaa mlango unavyofunguka.

2. Tafuta vipande, si neno zima

Maneno ya Kiingereza yamejaa vipande vinavyojirudia. Mwanzoni utakuta RE, UN, EN, IN, ST, SH, TR. Mwishoni kuna ING, ED, ER, EN, EL, NT, CK.

Ukiona kipande, kitenge pembeni, kisha angalia kilichobaki. Tujaribu na herufi zetu:

- Tenga EN mwanzoni, inabaki LIST: ENLIST (kujiandikisha, mfano jeshini).
- Tenga EN mwishoni, inabaki LIST tena: LISTEN (sikiliza).
- Tenga NT mwishoni: SILENT (kimya).
- Tenga EL mwishoni: TINSEL (yale mapambo ya kumetameta ya Krismasi).
- Tenga IN mwanzoni: INLETS (sehemu ndogo za bahari zilizoingia nchi kavu).

Matano hayo. Na hukuhitaji kamusi kichwani, ulihitaji vipande vitatu vinne tu.

3. Vuruga mpangilio

Herufi zikikaa kwa mpangilio mmoja, macho yanagandia hapo hapo. Michezo mingi ina kitufe cha kuzichanganya, kitumie. Kama una karatasi, ziandike kwa duara, au weka irabu upande mmoja na konsonanti upande wa pili.

4. Ukiwa unajua nafasi, usikimbilie kubahatisha

Kwenye Wordle, ule mchezo wa herufi tano na nafasi sita za kujaribu, kuna mtego unaowaumiza wengi. Tuseme umeshajua neno ni S_ARE, limebaki pengo moja tu. Linaweza kuwa SHARE, SPARE, SCARE, STARE au SNARE. Ukijaribu moja moja, nafasi zinakuishia.

Badala yake, choma nafasi moja kwa neno linalobeba herufi nyingi unazozishuku. Mfano PATCH. Neno hilo lina P, T, C na H kwa pamoja. Ikiwaka P, jibu ni SPARE. Ikiwaka T, ni STARE. C inakupa SCARE, H inakupa SHARE. Zote nne zikikataa, basi imebaki SNARE. Jaribio moja, majibu matano yamechujwa.

Angalizo: kama umewasha kiwango kigumu cha Wordle, mbinu hii haikubaliki.

Na zile programu za kutafuta maneno zinafanyaje?

Herufi sita tofauti zinaweza kupangwa kwa njia 720. Lakini programu iliyotengenezwa vizuri haihangaiki kuzijaribu zote. Inafanya kitu rahisi: inachukua kila neno la kamusi na kupanga herufi zake kwa alfabeti. LISTEN inakuwa EILNST. SILENT nayo inakuwa EILNST. Wewe ukiweka herufi zako, nazo zinapangwa hivyo hivyo, kisha inakuletea maneno yote yenye msimbo huo. Wachezaji wengi wa mashindano hujifunza maneno kwa njia hii pia.

Kama unataka maneno yenye herufi fulani katika nafasi fulani, tovuti kama OneLook inakubali alama. Alama ya kuuliza inasimama badala ya herufi moja, nyota inasimama badala ya herufi zozote, ziwe ngapi. Ukiandika s?are utapata orodha ya maneno yetu ya hapo juu. Ukiandika *ing utapata yanayoishia na ING.

Je, ni kudanganya?

Ukiwa unashindana na mwenzako, ndiyo, ni wizi mtupu. Subiri mchezo uishe, kisha fungua tovuti uone ulichokikosa. Chagua neno moja tu usilolijua, soma maana yake, liandike kwenye simu. Kesho lingine.

Na usijione mgeni sana. Kwenye orodha ya maneno ya Kiingereza inayotumika kwenye mashindano ya kimataifa ya Scrabble kuna SAFARI, BWANA, PANGA na UHURU. Hayo unayo tayari.