Spika ya Gulioni: Kweli au Si Kweli?

Kwenye magulio ya Buha, mkoani Kigoma, kuanzia Nyabibuye hadi Kasulu, katikati ya wauza maharage na mitumba hukosi mtu mwenye spika na meza ya makopo. Hili linatibu sukari, presha na nguvu za kiume. Lile linang'arisha ngozi. Tuyapime maneno yake.

“Mimi nauza tu, mwenye kosa ni kiwanda.” Si kweli. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza yeyote afanyaye biashara kutoa maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Aliyeshika spika akaahidi uponyaji, ahadi ni yake. Kwangu mimi, msanii anayelipwa kuisifia krimu mtandaoni naye abebe lawama hiyohiyo.

“Nina leseni, angalia!” Anayo, sawa. Lakini leseni ya biashara haisemi lolote kuhusu kilichomo koponi. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango (TBS) na dawa za hospitali chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Za asili husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Muulize namba ya usajili wa bidhaa yenyewe.

“Krimu inaishia juu ya ngozi.” Si kweli, na hapa ndipo dada zetu wanapoumia. Zebaki iliyomo kwenye baadhi ya krimu za kung'arisha hupenya ngozi, huharibu figo, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Haidrokwinoni, kemikali nyingine ya krimu hizo, ikipakwa muda mrefu huweza kuacha mabaka meusi ya kibluu mashavuni, palepale alipotafuta weupe. Kopo lisilotaja viambato, lirudishe mezani.

“Miti shamba inatibu.” Mingine, kweli. Kiambato kimoja cha dawa mseto ya malaria chanzo chake ni mmea wa pakanga, ila kilipimwa kwanza.

“Wengi wamepona, nenda kaulize.” Mwaka 2011 maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, viongozi wakiwemo. Wapo walioacha dawa za VVU (ARV) wakiamini wamepona. Wingi wa watu haukuwa kipimo.

“Kulalamika ni kazi bure.” Ni bure ukishatupa kopo. Litunze, rekodi tangazo kwa simu, uvipeleke kwa mfamasia wa wilaya. Na anayekusanya ushuru wa meza ile aulizwe aliona kibali gani kabla spika haijawashwa.